Siku za Mbalamwezi

Kitendawili, wewe unayesoma: nina mtumishi, nikimwagiza anatii, nikinyamaza anajiamulia. Usinipe mji bado. Kaa nacho kwanza.

Mjukuu wangu Winfrida alikuja kijijini kwetu Mwamgongo kwa boti, kompyuta mgongoni. Kazi yake ni kuhesabu samaki wa ziwa. Adhuhuri hiyo nilikuwa nusu nimelala, nusu macho, dagaa wangu wakimetameta kwenye chanja, na maji yakipumua kama mtoto aliyeshiba. Maandishi meupe yalipita kwenye skrini yake nyeusi, nikaona kama ziwa limehamia humo ndani.

"Bibi," akasema, "dagaa wa hapa wanakwisha."

"Nani kasema?"

"Programu. Saa kumi ripoti inakwenda kwenye kikao cha maofisa wa uvuvi. Wakiisoma hivi, uvuvi wa hapa utafungwa mwaka mzima."

Nikazitazama chanja zangu. Mwaka mzima zikae tupu? Nikamwuliza huyo mtumishi wake anaagizwaje.

"Namwandikia amri. Nikitaka jambo fulani naongeza vistari viwili na neno: anzia mwezi huu, hesabu mwalo huu tu, hapa boti zinaposhusha samaki. Nisipoongeza, anafuata chaguo-msingi lake, alilowekewa tangu mwanzo."

"Mke mwenzangu, mimi niliishia darasa la saba, twende polepole. Siku za mbalamwezi umemwambia azihesabuje?"

Vidole vilisimama.

Huyu kazaliwa Gungu, mjini. Sisi mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, basi watu hukaa nyumbani wakishona nyavu. Madaftari ya zamani ya mwalo yaliandika siku za kuvua tu. La mwaka huu lina mstari wa kila siku, na mistari ya siku za mbalamwezi imeachwa wazi.

Akafungua maelezo ya programu, akasoma midomo ikicheza kama anayesali. Kisha akaandika amri upya, na vistari viwili, na neno la kuruka siku zilizo wazi. Nikasinzia. Nikaota mwezi umekaa juu ya chanja yangu, mviringo, umenyamaza, unangoja kuulizwa.

Nilipofumbua macho, mstari wa mchoro wa dagaa uliokuwa umeporomoka kwenye skrini ulikuwa umelala sawa kama ziwa la asubuhi.

"Wapo?"

"Wapo, Bibi. Kama mwaka jana. Ripoti naiandika upya sasa hivi."

Nikageuza dagaa upande wa pili, kwa mkono, bila haraka.

"Na swali langu, mke mwenza?"

Akacheka kidogo, macho chini.

"Sikumwambia kitu, Bibi. Siku zilizo wazi aliamua mwenyewe kwamba tulivua tukapata sifuri."