Tatizo ni Wifi Yako

Wifi yangu alitaka fataki. Si za kweli, za kwenye ukurasa wa duka: mteja akibonyeza "Agiza", rangi zipasuke kwenye kioo cha simu. Alitaka pia viti vizunguke vyenyewe na maua yadondoke kutoka juu bila kukoma. Yeye anakodisha mahema na viti, na hakutaka, kwa maneno yake, "ukurasa uliokaa kama risiti ya umeme."

Mimi nilitaka meza ya mbele.

Kazi yangu ilikuwa nyuma, stoo, kupiga pasi vitambaa vya viti. Stoo haina dirisha. Mwanangu, tunayemwita Kifaru kwa jinsi anavyotambaa akitanguliza kichwa, alikuwa analala juu ya mapazia yaliyokunjwa, akipiga chafya mpaka namwonea huruma. Mbele kuna mwanga, kuna mkeka, kuna upepo. Wifi alisema: wateja wakiagiza kupitia huo ukurasa wako, meza ni yako, utapokea oda na mtoto atatambaa hapa. Ukishindwa, pasi inakusubiri, wala haijapoa.

Kwa hiyo sikubisha kuhusu fataki.

Mwalimu wetu wa darasa la jioni, ninakojifunza kutengeneza kurasa za mtandao, alitufundisha kwamba si lazima mtu aanzie mwanzo kila kitu. Kuna watu wameshaandika vipande vya JavaScript, lugha ya kuuchezesha ukurasa, vya kazi hii na ile, wakaviweka hadharani. Unavichukua, unaviunganisha na kazi yako, unasonga mbele. Mkusanyiko wa vipande hivyo huitwa maktaba. Nikamweleza mama mkwe, ambaye humbeba Kifaru nikiwa darasani na huwa hapitwi na neno.

"Maktaba ya fataki?"

"Ndiyo, mama."

"Na ya maua?"

"Hiyo ni nyingine."

"Wenyewe wanajua umechukua?"

"Wameziweka ili watu wachukue."

"Na hakuna anayerudisha?" Akamhamisha Kifaru bega. "Hiyo si maktaba, mwanangu. Hiyo ni harusi isiyo na mtu mlangoni. Angalia usijipakulie kupita kiasi."

Nilijipakulia. Maktaba ya fataki, ya maua, ya kuzungusha viti, ya kuzichezesha herufi. Na kila moja haikuja peke yake, ilikuja na nyingine inazozitegemea, kama mgeni unayemwalika peke yake akatokea na shemeji zake na watoto wa shangazi. Mwishoni nikaongeza kadogo kamoja, ka kumwomba radhi mteja ukurasa ukichelewa. Ujumbe wake ulikuwa wa lugha ya kigeni. Nikautafsiri mwenyewe, Kifaru akinyonya, nikiandika kwa mkono mmoja.

Siku ya kuonyesha ikafika. Akaingia mama mmoja anayetafuta hema la mahafali ya binti yake. Wifi akamzuia mkono uliokuwa unatafuta kalamu.

"Acha kuandika, dada. Sisi sasa tuko mtandaoni. Fungua simu yako uone maajabu."

Mteja akafungua. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Mimi nilikuwa mlangoni mwa stoo, pasi mkononi. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka na Kifaru. Hatimaye mteja akakunja uso na kusoma kwa sauti:

"Samahani. Tatizo ni wifi yako. Ni nzito. Tafuta nyingine."

Wifi akageuza shingo.

"Haki ya Mungu," mteja akasema taratibu, "nani amewaambia? Miaka yote nilidhani ni mimi tu ninayemwona."

Wifi akaichukua ile simu, akasoma mwenyewe midomo ikicheza. Kisha akainua macho. Wifi yangu si mwembamba, na hajawahi kujifanya.

"Wifi."

"Abee, wifi."

"Huyu nzito ni nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwa mdomo sote tunasema waifai, na hakuna anayechanganya. Lakini kwenye kuandika tunaandika wifi, herufi zilezile za dada wa mume. Mimi usiku ule nilikuwa nawaza mtandao tu.

"Ni waifai, wifi! Waifai!"

"Hapa hapajaandikwa waifai, na mimi kusoma najua. Halafu hata 'mzito' umenibania. Nzito! Kama kabati! 'Tafuta nyingine', wala si 'mwingine'. Umenitoa hata kwenye watu!"

"Hiyo nzito ndiyo ushahidi kwamba si wewe! Ningekusudia wewe ningeandika mzito."

Maneno yalishatoka. Mteja akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka.

"Hebu ngojeni," mama mkwe akasema kutoka mkekani. "Simu ni ya mteja, kwa hiyo anayesemwa ni wifi ya mteja. Binti yangu akiisoma yeye, wifi yake ni nani? Ni huyu mkwe wangu, mwembamba kama mwiko. Sasa uzito unatoka wapi?"

"Mama, unamtetea."

"Simtetei. Nachambua."

Wifi akausoma tena ule ujumbe, polepole, na tabasamu likaanza kumtambaa ambalo sikulipenda.

"Kumbe! Nikiusoma mimi, unasema tatizo ni wifi yangu, nitafute mwingine. Basi mashine imesema kweli." Akanionyesha stoo kwa kidevu. "Pasi hiyo, wifi."

Kifaru akapiga chafya, huko huko kwenye upepo, kama aliyejua anarudishwa wapi. Nikaiweka pasi chini.

"Mashine imesema uongo," nikasema. "Mtandao wa mteja hauna kasoro, na wifi wote hapa ni wazima. Kilicho kizito ni fataki. Nipe muda huu anaochagua rangi ya vitambaa. Ukurasa usipofunguka, nitapiga pasi mpaka Kifaru aoe."

Wifi akamtazama mteja, mteja akasema yeye hana haraka, hajacheka hivi siku nyingi. Nikakaa kwenye meza ya mbele, kwa mara ya kwanza, nikafungua kompyuta yangu na kuanza kufuta. Wifi alisimama nyuma yangu kama mfiwa.

"Maua yaache."

"Maua ndiyo yanayoongoza kwa uzito."

"Basi viti vizunguke kidogo tu."

"Wifi, viti hukaliwa."

Fataki nikazitoa bila kumwangalia usoni. Nilibakiza maktaba moja ndogo, ile inayoleta picha ya hema pale tu mteja anapoifikia, siyo zote kwa mkupuo. Na ule ujumbe nikauandika upya: "Subiri kidogo, tunakuja."

Mteja akafungua tena. Mahema yakatokea hata kabla hajakaza macho. Akachagua hema, akachagua viti, akabonyeza. Kompyuta yangu ikalia: oda.

"Simu yake ni mpya," wifi akasema, hakutaka kushindwa kirahisi. "Jaribu ya mama."

Simu ya mama mkwe imepasuka kioo na inashikiliwa na mpira wa kufungia noti. Akaishika mbali na macho, akabonyeza, akabonyeza tena, ulimi nje, Kifaru akimsaidia kwa kiganja.

Kompyuta ikalia. Nikasoma: hema kubwa kuliko yote, viti mia mbili, jukwaa, zulia jekundu. Jina: Mama Yenu. Shughuli: Nitafikiria.

"Mama!" wifi akapiga kelele. "Hilo hema lina watu Jumamosi! Ghairi!"

"Nighairi wapi? Nionyeshe."

Wifi akaitwaa simu, akapandisha, akateremsha. Hapakuwa na pa kughairi. Kwenye kuhangaika na fataki, kitufe hicho sikukikumbuka kabisa.

"Basi viti vyangu vije," mama mkwe akasema, akijiweka sawa kwenye mkeka. "Na zulia lipigwe mswaki."

Mteja alishakaa chini kwa kucheka. Nami nikaanza kuinuka, miguu ikielekea stoo kwa mazoea, lakini mkono wa wifi ukanishuka begani, na kweli ulikuwa mkono wenye uzito.

"Unakwenda wapi? Usitoke kwenye meza hiyo mpaka hicho kitufe kipatikane. Na kesho uwahi, kabla mama yangu hajakodi duka zima."

"Na Kifaru?"

"Kifaru ana nini? Kwani yeye ndiye anayepiga pasi? Mwache hapo mkekani, wewe andika."