Meza ya Kioo Imeondolewa

…na hii ni Brussels, nasema, hii ni ile sanamu ya mtoto anayekojoa, watu wanatoka nchi za mbali kuja kumpiga picha, na Mama Lalita jirani anaziba mdomo kwa ncha ya sari, anasema so small, na nguo hana maskini, atashikwa na baridi huyu, na wote wanacheka, wanacheka mara moja na kunyamaza mara moja, nami nabonyeza kitufe, mtoto anayekojoa anaondoka kwenye televisheni ya Mama Jeannine na mahali pake zinakuja chips ndani ya karatasi, nasema hizi ni chips, utadhani hawaoni… nyeupe, nawaza, mbona leo amevaa sari nyeupe tupu, hata ukingo hauna rangi, kila nikija hapa mtaa wa Acocks Green namkuta na zile za maua na sweta la mumewe juu yake, na bangili zake za kelele leo hana, amekaa mwisho wa kochi, mikono mapajani, macho yakikutana na yangu anayapeleka kwenye chips, na mimi najua nyeupe ni ya nini, najua tangu nina miaka tisa, mzee Navnit mwenye duka la vitambaa alipofariki kule Kigoma mjini baba alinipeleka kutoa pole, nikauliza kwa sauti mbona wamevaa kama manesi, akanifinya mkono, tulipotoka nje akanieleza… "Kula kwanza, mama," Mama Jeannine anasema, "picha haiwezi kimbia," ananisogezea sahani hapa pajani, bugali na sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mzima mwenye kichwa, na mimi tu ndiye ninayekula, wengine wameshika vikombe vya chai na hawanywi, namega tonge, nachovya, nameza, halina ladha ya chumvi wala ya mafuta, ni kitu cha moto kinachopita kooni, nasema tamu sana, mama, na naangalia mbele yangu nione pa kuweka sahani na hapana pa kuiweka, meza haipo. Meza ya kioo ambayo kila mgeni huambiwa aangalie magoti yake, ile ambayo Albert aliibeba mwenyewe kutoka sokoni na kujisifu kwa mwezi mzima, haipo, zulia limebaki na alama nne za miguu yake, na katikati ya sebule pako wazi, pametayarishwa mtu aanguke vizuri.

Hiyo ni kazi ya baba. Mwenyewe hayupo, yuko Kasulu, lakini ni kazi yake, nimeiona mara nyingi, siwezi kuikosea, maana baba ni tabibu wa zahanati na pale kwetu mtu akitakiwa kupewa habari ya msiba baba huitwa kwanza, anachukua begi lake na kipimo cha presha, anafika kabla ya padri au mchungaji, anasema ondoeni meza, ondoeni jiko, mpeni chakula kwanza maana baadaye hatakula siku mbili, mmoja akae karibu na mlango asije akakimbilia barabarani… na Albert amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, Albert, mume wa Mama Jeannine, ambaye Jumamosi saa hizi huwa kazini ghalani, leo yuko hapa na shati la kanisani, na ni baba huyohuyo aliyewafundisha, si wao walikaa nyumbani kwetu mwaka mzima walipotoka Uvira wakikimbia vita, si ni sebuleni kwetu ilikotolewa meza siku Mama Jeannine alipoambiwa habari za kaka yake, nakumbuka, mimi ndiye niliyeibeba ile meza, nikaiweka jikoni, na nilipopata nafasi ya kuja kusoma muhula mmoja Birmingham baba alisema usiogope, Goretti, Jeannine yuko kule, kwa Jeannine ni kwenu. "Et ça, ni wapi tena?" anauliza Mchungaji Magloire, anasogeza miwani, naye kaja bila Biblia mkononi, iko kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti, naona pembe yake, nasema Amsterdam, mchungaji, hizo ni baiskeli, kule hata wazee wanaendesha baiskeli, anasema, "Mungu wangu, baiskeli yote ile, na hakuna hata moja imebeba ndizi," na wanacheka tena kile kicheko chao kifupi, na mimi nacheka, nasikia sauti yangu inacheka, nzuri tu, haina hitilafu… Jumatano ndipo Mama Jeannine aliponipigia chuoni, akaniambia kuya Samedi, yaani leo, ulete na picha, tunataka tuone vile ulitembea Ulaya, nami nikapanda basi namba kumi na moja na kamera na waya wake, mzunguko wote ule wa mji, nikiwa nimekaa juu, mbele kabisa, na nilikuwa najiuliza nini, sikuwa najiuliza kitu, nilikuwa natazama bustani za watu.

Basi ni nani, tuanze hapo, mtu mzima hujiuliza ni nani, bibi ni mzee lakini kwa bibi wasingetoa meza, habari ya bibi ingesemwa kwa simu, mdogo wangu hapana, nimeongea naye juzi, alikuwa anasema polepole kuliko kawaida lakini ni yeye, mama hapana, mama nimeongea naye kila mji, kila mji nilinunua kadi ya simu nikakwangua namba nikampigia mama, Paris nilimpigia na baba akampokonya simu, akauliza mto wao una maji mengi kama Malagarasi, nikasema hauna, akafurahi kabisa, akasema unaona, na mkate wao je, unashibisha, nikamuuliza presha imetulia baba, akasema imetulia, kula vizuri, rudi na cheti… hiyo ilikuwa Paris. Brussels mama akasema amelala. Amsterdam akasema ameenda kwenye kikao cha parokia. Cologne akasema anaoga, saa saba mchana anaoga, mtu anayeoga alfajiri na maji ya baridi na kuwasema wanaochemsha, anaoga… "Chukua chapati moja, beta," Mama Lalita ananyoosha sahani, beta kwao ni mwanangu, "mimi mwenyewe nimepika, si ya duka," nasema asante mama, naichukua, naiweka juu ya bugali, sasa nina chapati juu ya bugali na hakuna anayeona ni ajabu, na namhurumia, amezaliwa Kisumu, amezeekea hapa, hakuna aliyemwambia kuwa sisi tunaficha kwanza, wao walipanga kila kitu, chakula, mlango, meza, Biblia chini ya kiti, wakasahau kumwambia jirani asije na nguo ya msiba, naye kaja kwa heshima zake zote, kavaa vile watu wake wanavyovaa wakimstahi aliyekufa. Kamvalia baba yangu ambaye hakumwona hata siku moja.

Baba. Ni baba, haya, nimeshalisema, nangoja kitu kije, machozi au tumbo kukata, hakiji, vidole vyangu vinabonyeza kitufe na inakuja Cologne, nasema hili ni kanisa, wamelijenga miaka mia sita na zaidi, na Mchungaji Magloire anasema, "Bazungu balikuwa na bidii zamani, leo iko wazi, hakuna mutu ndani," nasema nilipanda hadi juu, ngazi zaidi ya mia tano, na huyu ni mimi juu kabisa na upepo, ona nywele… alikuwa kashazikwa siku hiyo au ndiyo siku yenyewe, napiga hesabu, kama alifariki kati ya Paris na Brussels basi wangesubiri shangazi atoke Tabora, siku tatu, nne, Jumamosi, kwetu wanapenda kuzika Jumamosi, na Jumamosi ni Cologne, basi saa walizokuwa wanamteremsha mimi nilikuwa nahema kwenye ngazi na Trupti, jirani yangu wa bweni, ananisukuma mgongoni akisema come on, Goretti, come on, na tuliposhuka tulinunua aiskrimu, nikachukua ya pistachio kwa sababu sikuwahi kuila. Walikubaliana, naona kabisa walivyokaa, mjomba akasema msimvuruge mtoto, yuko nchi ya watu, atadondoka njiani nani atamwokota, akimaliza kutembea Jeannine atamwambia, na mama akakubali, mama mwenye msiba wake alikuwa anajifuta uso na kupokea simu, halo mwanangu, umekula, kuna baridi, piga picha nyingi, baba yako ataziona. Wamenidanganya, nasema moyoni, nalijaribu hilo neno nione kama lina moto, wamenidanganya wiki tatu, wamezika bila mimi, mtoto wake wa kwanza, sikushika hata udongo, wananilisha samaki… halina moto. Nalirudia na halina moto, na najua kwa nini halina, nabonyeza haraka ipite lakini haipiti, Cologne nilipiga picha nyingi, kanisa, kanisa, kanisa, daraja, kanisa.

"Muache apumuzike kidogo," Albert anasema kutoka mlangoni, anamwambia mkewe, si mimi, na Mama Jeannine anasema si anapumuzika, anakula, anatuonyesha, na wanatazamana, ni nani ataanza, baba huwa haanzi hadi sahani iishe, nami sahani yangu ina chapati nzima. Vienna nilipiga kutoka kibanda cha simu cha stesheni. Kadi ilikuwa mpya. Akapokea mdogo wangu, akasema ngoja, akampa mama, na nyuma ya mama palikuwa na watu, watu wengi, viti vya plastiki vinaburutwa, mtoto wa mtu analia, wanawake wanaimba chini kwa chini ule wimbo ambao hauimbwi harusini, nikasema mama, kuna nini huko, akasema mvua, mwanangu, watu wamejikinga barazani. Nikasema aa. Mvua, na watu wanaimba. Na "baba yuko?" ilikuwa mdomoni, nilikuwa nimefungua mdomo, na Trupti nje ya kibanda ananionyesha saa, treni ya Venisi, nilishalipia, mji ulio juu ya maji, tangu darasa la tano nina picha yake niliyokata kwenye kalenda, na nilijua, sikushuku, nilijua, nikiuliza hakuna Venisi, nikiuliza narudi Birmingham leo hii nikiwa nimeshika kichwa, na nikifunga mdomo baba yuko bafuni anaoga… na mama akanyamaza. Hili ndilo nimekuwa nalizunguka tangu nipande basi. Mama alinyamaza, sijui dakika ngapi, namsikia anapumua, yule bibi wa kwenye kadi akasema kwa Kijerumani sijui nini, na mama bado amenyamaza, hakusema lala salama, hakusema kuna baridi, alikuwa ananingoja. Alikuwa amechoka kulibeba peke yake na alikuwa ananingoja niulize ili alitue, niulize tu, maneno mawili, naye angesema mwanangu baba yako hayupo na tungelia wote na kadi ikaisha. Nikasema haya mama, nitapiga nikifika Venisi. Akasema haya, mwanangu. Kadi ilibaki na dakika, nikaiacha juu ya simu, sikuitaka.

Nabonyeza. Wananitazama mimi, si televisheni, mabega yao yako tayari, Mama Jeannine ameshakunjua kitenge cha kunifunga kiunoni nikianza kujitupa, na mimi nawaza nitaliaje mbele ya hawa watu wema, nitawafanyia kilio cha mtu anayesikia leo, nianguke pale walipotoa meza, wanishike, wanipepee, na kesho Mama Jeannine ampigie mama amwambie tumeshamwambia, alilia sana, na mama upande wa pili anyamaze tena vile… nitaanguka, nafikiri, ndiyo adabu iliyobaki, lakini bado, bado kidogo. Picha imetulia kwenye kioo. Ni mimi, nimesimama nje ya kile kibanda cha simu, nimetoka kumuaga mama, tarehe iko pembeni kwa rangi ya chungwa, na saa, Trupti alisema smile nikatabasamu, sikujilazimisha, nimeitazama picha hii bwenini mara nyingi nikitafuta mahali nilipojilazimisha na hapaonekani, meno yote yako nje, na begi mgongoni. "Ah, simamisha apo!" Mama Jeannine anasema, anapiga makofi mara moja, kwa mara ya kwanza leo uso wake umefunguka, "apa njo ulitoka muzuri kupita zote, Albert, ona vile anacheka, ona," na Albert anasema kweli, na Mama Lalita anasema lovely, lovely, anajifuta jicho, najiuliza sauti yangu iko wapi, ninayo, nasema hii ni Vienna, tulikuwa tunakimbilia treni. "Ile njo tutamutumia mama yako," Mama Jeannine anasema, "tutaifanyisha kubwa, aone ulikuwa na furaha."