Kidole Gumba Chini ya Maji

Mke wangu Labanya amekata samaki kwa miaka arobaini na moja, akiwa amekaa sakafuni, kisu chetu cha Kibengali kikiwa kimebanwa chini ya mguu wake. Siku niliyostaafu kazi ya kukagua tiketi za tramu hapa Kolkata, nilimuuliza anataka zawadi gani. Mkononi alikuwa na kichwa cha rui, samaki wa mtoni.

"Baba Rinku," akasema, "nataka kumwona samaki kabla hajafa."

"Twende sokoni basi. Wako hai tele kwenye mabeseni."

"Wale wa beseni wananijua mimi muuaji. Nataka kuwaona kwao, nimekwenda kama mgeni."

Mwanamke huyu hajawahi kuniomba hata bangili. Nikaapa kuwa mwezi wa Mei tutakwenda visiwa vya Andaman, tupige mbizi baharini.

Mwalimu wa kupiga mbizi, Selvam, mwanamaji mstaafu kutoka Madras, alitupa sharti moja. Wazee huzama wawili wawili, kila mmoja akimlinda mwenzake. Kwanza tungejaribiwa katika bwawa la kuogelea hapa mjini, tukae chini ya maji dakika kumi. Mmoja akishindwa, wote wawili wanabaki nyumbani.

Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliazima vitabu, nikasoma wiki tatu, nikagundua kuwa maji hunyonya joto la mwili mara ishirini na tano zaidi ya hewa. Bahari ya Andaman ina nyuzi ishirini na tisa. Sasa fikiri mwenyewe. Kolkata ikishuka hadi nyuzi ishirini tu, kila mwenye akili anavaa kofia ya nyani, ile ya sufu inayofunika masikio na kidevu. Mtu atazamaje baharini na kifua wazi?

Dukani mtaa wa Dharmatala kulikuwa na suti za mpira za aina mbili. Moja nyembamba, unene wa milimita tatu. Nyingine milimita saba, nene kama godoro la mtoto.

"Hii nene," nikasema.

Mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo ni ya bahari ya barafu. Aliyeiagiza alikuwa anakwenda Norwe. Alipoijaribu, akaamua kubaki."

"Hakuwa amesoma."

Nilisaidiwa na watu wawili, pamoja na nusu kopo la poda ya vipele, ndipo nikaingia. Labanya alijishika mbavu.

"Baba Rinku, umekuwa biringanya!"

"Cheka. Ukianza kupiga chafya huko chini, usiniite."

"Na wewe ukipikika humo, samaki utawaona hivi." Akanyoosha kidole gumba mbele ya pua yangu.

Kwetu Bengal hakuna tusi tamu kama hilo. Ukimwonyesha mtu kidole gumba, umemwambia: utaishia kunawa. Nikainunua suti ile palepale, hasa kwa ajili ya kidole kile. Yeye akachukua nyembamba. Tulirudi nyumbani kila mmoja amepakata suti yake, tumenuniana kama wapangaji waliogombea bomba.

Siku ya jaribio Aprili ilikuwa inachemka. Selvam alitupanga ukingoni mwa bwawa, akatufundisha lugha ya mikono. Kidole gumba kikiungana na cha shahada kufanya duara: niko sawa. Kidole gumba kikielekea juu: nataka kupanda.

"Msichanganye," akasema. "Chini hakuna kuulizana."

Tukaitikia kwa adabu.

Niliingia majini nikaelea kama luchi, chapati yetu ndogo, inapofura kwenye mafuta ya moto. Nikasukumwa, nikaibuka. Selvam akaniongezea vizito vya risasi kwenye mkanda, akaongeza tena, mpaka nikashuka kama jiwe la kusagia. Labanya alikuwa ameshatulia chini, nywele zinacheza.

Dakika ya kwanza nilistarehe. Ya tatu nikaanza kuiva. Ya tano niliwaza juu ya wali uliosahauliwa jikoni. Nikasahau aibu, nikamwonyesha Labanya kidole gumba: nataka kupanda.

Macho yake yalipanuka nyuma ya kioo. Nami nikaona kosa langu, lakini chini ya maji hakuna maelezo. Nikakinyanyua tena kwa mkazo zaidi. Yeye akanijibu kwa vidole gumba viwili, akivitikisa, halafu akavigeuza kushoto na kulia ili nivione vizuri.

Selvam, ambaye si mtu wa kwetu, aliona wanafunzi wawili wanaolilia kupanda. Akatukamata migongoni, akatupandisha.

"Nani aliyezidiwa?" akauliza.

"Huyu kanitukana!" Labanya akapaza sauti. "Chini ya maji! Mbele ya mwalimu!"

"Nilitaka kupanda, Mama Rinku! Nilikuwa naiva!"

"Unaiva na suti yako ya elimu?"

Selvam alifuta uso. "Mmeshindwa. Nina nafasi moja tu, kesho asubuhi. Mkishindwa tena, nendeni mkapande milima."

Njiani mke wangu alitembea hatua kumi mbele yangu. Alipofika nyumbani akaingia jikoni, akakaa chini, akabana kisu kwa mguu, akaanza kukata samaki taratibu sana. Nilisimama mlangoni. Ningependa aniseme.

Asubuhi nilirudi dukani kabla halijafunguliwa, nikamngoja mwenye duka.

"Ile ya milimita tatu," nikasema, "na usiseme kitu."

"Mzee, mimi nimesema nini?" Lakini alikuwa anacheka kwa mabega.

Tulikaa chini ya bwawa dakika kumi na mbili. Kofia yangu ya nyani Selvam aliivua ukingoni kwa mikono yake mwenyewe, na hilo nimemsamehe.

Andaman, tulipofika mita nane, walikuja pono saba, wa kijani na wa buluu, wanatafuna matumbawe kwa kelele kama watu wanaokula mbaazi za kukaanga. Labanya alisimama wima majini, akaunganisha viganja, akawaamkia kama wakwe. Hawakumkimbia. Mmoja alimzunguka mara mbili.

Muda ulipokwisha, Selvam alimwonyesha kidole gumba: tupande.

Mke wangu alimgeukia, akakinyoosha cha kwake mbele ya kioo cha mwalimu, akakitikisa vizuri, kwa Kibengali. Selvam akadhani amekubali, akamjibu kwa duara la sawa, akaanza kupanda. Labanya akarudi kwa pono wake.

Mwalimu alishuka tena mara mbili kumfuata. Wakati huo wote nilibaki kando ya mke wangu, kama sharti lilivyosema. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia baridi kidogo. Hilo sijamwambia mpaka leo.