Alama za Mikono kwenye Mashati Meupe

Mshonaji alifika Idara ya Utalii ya chuo kikuu asubuhi, wakati katibu muhtasi akichovya mkate kwenye chai. Hakuwa na miadi. Alisimama kwenye kizingiti, akakagua bawaba za mlango, akakagua kitasa, kisha akaomba mlango uachwe wazi. Kila alipojisogeza, majivu yalimdondoka kutoka kwenye pindo la sketi na kutulia sakafuni.

"Karibu, dada," katibu muhtasi alisema. "Ila subiri hapo hapo. Wamepiga deki sasa hivi."

Akatandika gazeti la jana kwenye kiti, akamkalisha mgeni juu ya gazeti. Halafu akageukia chumba cha ndani.

"Msaidizi! Kuna marehemu hapa, wa kiwanda cha mashati. Ni wenu huyo."

Msaidizi wa utafiti alitoka akiwa na kalamu sikioni. Alikuwa amehitimu mwaka uliopita, na bado aliamini kwamba jambo baya likichunguzwa vizuri na kuandikwa vizuri, mtu fulani mahali fulani atasoma na kulikomesha. Katibu muhtasi alimpenda kwa sababu hiyo, kama mtu anavyompenda mtoto anayemwaga maji kwenye ua la plastiki.

Idara ilikuwa inatafiti utalii wa majanga, yaani kwa nini watu hutoka makwao na kulipa kiingilio ili waone mahali wenzao walipofia. Utafiti huo walikuwa wanaufanyia kwenye kiwanda cha mashati. Habari za kiwanda zilijulikana. Wenye mali walikuwa wakiufunga mlango kwa kufuli kutoka nje wakati wa zamu ili wafanyakazi wasiibe mashati, na siku moto ulipowaka, mwenye ufunguo alikuwa ameenda kula. Miaka ikapita. Wenye mali wale wale wakapaka ukuta rangi, wakaweka choo cha kisasa, wakapaita Kituo cha Kumbukumbu.

Kilele cha ziara kilikuwa kufungiwa. Wageni waliingizwa kwenye ukumbi wa cherehani, mwongoza wageni akausukuma mlango wa chuma kutoka nje, akatia kufuli, akazima taa, akawasha kanda ya makelele. Gizani wageni walihisi mikono ya moto ikiwashika mabega na migongo. Taa zilipowashwa, walikuta alama za viganja vya masizi kwenye nguo zao. Duka la kituo likaanza kuuza mashati meupe ili alama zionekane vizuri. Liliuza pia vishikio vya funguo vyenye umbo la kufuli. Wageni wengi walisema wamelia vizuri. Mmoja alisema alitarajia moto zaidi.

Msaidizi alivuta kiti, akakaa mbele ya mshonaji. Profesa alikuwa ameagiza kwamba mtu yeyote atokaye kituoni asiachwe aende bila kuhojiwa, na maswali yaliyokuwepo yalikuwa ya wageni tu. Akaanza nayo hayo hayo.

"Je, umeridhika na ziara yako?"

"Sikuwa ziarani, mdogo wangu. Nilikuwa zamu."

"Ungependekeza mahali hapa kwa ndugu au rafiki?"

"Ndugu wapi tena? Wengi wamo humo. Hata mama mkwe wangu yumo, alikuwa upande wa vifungo."

Msaidizi aliandika: hutembelea pamoja na familia. Kisha akayasoma aliyoyaandika. Akaiweka kalamu chini, na uso wake ukawa wa moto kuliko wa mgeni.

"Nisamehe, dada. Sema ulichojia."

Mshonaji alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza fundi mpya. Mlango ukiwa wazi, wao hawauoni. Wamekaa tu, kila mtu mahali ilipokuwa cherehani yake, wamepumzika. Lakini kufuli likilia, wanauona. Wakiuona, wanakimbia.

"Si kwa kupenda. Miguu inakimbia yenyewe. Tunafika mlangoni, tunakuta umefungwa, na yale ya siku ile yanatupata tena. Yote, kama yalivyokuwa. Halafu wageni wanapewa chai, wanaingizwa wengine."

"Kila ziara?"

"Kila ziara. Na siku za sikukuu wanaongeza."

Yeye alikuwa ametoka kwa bahati. Mkoba wa mgeni ulibanwa mlangoni, ukabaki upenyo, naye alikuwa mbele. Alipopita, mkoba ukavutwa na mlango ukaziba. Tangu siku hiyo mikoba yote iliachwa mapokezi, na ukumbini hakikuingia kitu ila watu.

"Mtu angeweka mguu tu," mshonaji alisema. "Mlango uje, lakini usifike. Tutapita."

"Nitauweka mimi."

"Ule mlango ni wa chuma."

"Nitauweka, na sitautoa mpaka atoke wa mwisho. Nakuahidi."

Mshonaji alimtazama kwa huruma. "Wa mwisho ni mama mkwe wangu. Mwenzangu, yule mama hana haraka. Hata siku ile tulimwambia twende, akasema tangulieni, natafuta miwani."

Ndipo Profesa alipotoka chumbani kwake. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa fundi wa mabomba. Alimwamkia marehemu, akampa pole kwa yote, akauliza kama amefika salama. Msaidizi akamweleza habari ya mlango, kwa matumaini, haraka haraka.

"Basi ndiyo sababu," Profesa alisema, macho yakimng'aa. "Mikono ile si ya kuigiza. Nilijua. Wageni hawadanganyiki."

"Kwa hiyo tuwaandikie waache kufunga, Profesa."

"Tuwaandikie waache?" Alicheka kidogo, kama baba. "Binti yangu, wakitoka hao, sisi tutatafiti nini?" Akamgeuzia mshonaji mgongo, akainama kidogo. "Samahani, mama. Unaweza kunigusa hapa? Nina shati jingine kwenye gari."

Mshonaji hakumgusa. Alikuwa anaitazama kola yake. "Hii imeshonwa ovyo," alisema. "Sisi tungeirudisha."

Katibu muhtasi alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, akaenda kuosha kikombe, na akakaa huko akiosha muda mrefu.

Siku ya kwenda kituoni, Profesa alifuatana na wafadhili. Walivaa mashati meupe mapya, yenye mistari ya kukunjwa. Mfadhili mmoja alimuuliza mwongoza wageni mahali gani pa kusimama ili aguswe zaidi. Mwongoza wageni akasema wengi husifia karibu na mlango, kwa sababu hapo ndipo wafanyakazi walipolundikana. Alisema hivyo akimpa peremende. Mama mmoja alikuwa akimpanga mumewe na watoto mbele ya ukuta uliobaki mweusi ili awapige picha, akiwaambia wasicheke. Wakatoka vizuri. Akawaambia sasa wacheke. Mshonaji alikuwa amekaa nje, kwenye kiukuta cha maua, mikono mapajani, na wapita njia walimwachia nafasi ili nguo zao zisichafuke.

Msaidizi alisimama kando ya mwimo wa mlango. Mwongoza wageni alipousukuma kutoka nje, yeye akauingiza mguu wa kulia.

Mlango ule ulikuwa mzito na wenye kutu, na mwongoza wageni alizoea kuusukuma kwa bega. Ulipogoma, alirudi nyuma na kuusukuma tena. Msaidizi alipiga kelele. Lakini makelele ya kanda yalikuwa yamekwisha kuanza, na wageni nao walikuwa wanapiga makelele yao, kwa hiyo ya kwake yalihesabiwa pamoja na mengine. Kufuli lilikuwa likigongana na chuma bila kuingia, na kumbe mlio huo ulitosha. Wakaja. Walimpita msaidizi kifuani na mgongoni kama hewa ya tanuri, mmoja mmoja, kwa utaratibu wa foleni ya malipo. Kila mmoja, alipopita, alisema "samahani".

Nje, mshonaji alikuwa amesimama akiwahesabu kwa sauti kila mtu na cherehani yake. "Pindo, wewe hapa. Mikono, huku. Kola, mbona mko wachache, wengine wako wapi? Haya, njooni." Waliondoka kwa makundi kuelekea barabarani, wakiulizana nauli siku hizi ni kiasi gani.

Mwongoza wageni alisukuma mara nyingine, na msaidizi akazirai. Mtu akamvuta mguu, kwa nia njema. Mlango ukajifunga.

Hospitali walisema vidole vitatu havitarudi kama vilivyokuwa. Walimfunga plasta mpaka gotini. Profesa alimtembelea na matunda. Alisema hana kinyongo, lakini wafadhili hawakuguswa hata mmoja, mashati yao yalibaki meupe pepepe, na msaidizi anayeingilia anachokitafiti si mtafiti bali ni mgonjwa wa moyo mwema. Nafasi yake amepewa kijana mwingine. Hata hivyo tukio lenyewe lina thamani, alisema, naye ameliongezea sura kwenye makala yake, ambayo kichwa chake ni "Kufa Kufaana". Alikipenda sana kichwa hicho. Alikirudia mlangoni akiondoka.

Kituo hakikufungwa hata siku moja. Kwa kuwa waliokuwa wakishika mabega hawakuwepo tena, menejimenti iliajiri ndugu zao. Iliona hiyo ndiyo heshima inayofaa. Wajane, wadogo zao na watoto wao waliokua walipewa ndoo ya masizi na kanga nyeusi, wakafundishwa kukimbia gizani na kuwashika watu migongo. Mdogo wake mshonaji alikuwa miongoni mwao. Kazi ilikuwa haba, na ile ilikuwa na bima. Wageni waliendelea kulia vizuri.

Katibu muhtasi ndiye aliyeleta habari nyingine hospitalini, pamoja na uji kwenye chupa.

"Wanasema kuna mkono mmoja wa kweli umebaki. Mdogo, wa kizee. Haushiki mabega, haufiki. Unashika hapa, kiunoni, kama mtu anayejishikilia asianguke. Aliyeupata anapigwa picha na kupewa kishikio cha funguo bure. Wameuita Bahati ya Leo."

Msaidizi aliacha kunywa uji.

"Na yule dada?"

"Yupo pale pale, kwenye kiukuta. Wenzake wameondoka wote. Nilimwuliza, dada, huendi kwenu? Akaniambia, nitafikaje kwa mume wangu bila mama yake? Nitamwambia nimemwacha wapi?" Katibu muhtasi alifunika chupa. "Wewe lakini usifanye ujinga. Mguu umebaki mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Unasema ndiyo, lakini masikio yako hayapo hapa."

Alipotoka hospitalini, msaidizi alikata tiketi kama mgeni. Alisimama kwenye foleni na magongo yake, nyuma ya vijana waliokuwa wakibishana nani atapata Bahati ya Leo. Kwenye kiukuta, mshonaji alimwona, akasimama, akakaa tena. Aliipangusa tu nafasi iliyokuwa pembeni yake, akaikung'uta majivu, kama mtu anayemwandalia mzee kiti.

"Pole sana, dada," mwongoza wageni alisema, akiyaangalia magongo. "Umeumia wapi?"

"Hapa."

"Aa. Pole. Hayo lakini itabidi uyaache mapokezi. Ukumbini hakiingii kitu."

Akayaacha. Akaenda akirukaruka, akijishikilia kwenye ukuta, na mgeni mmoja akamshika mkono kwa wema mpaka mlangoni. Hakuweza kusimama kwa mguu wa plasta peke yake, kwa hiyo alikaa chini, sakafuni, mgongo kwenye mwimo. Watu walimruka. Mdogo wake mshonaji alipita na ndoo yake ya masizi, akamwona, akaelewa. Akaiweka ndoo chini, akasogea upande wa pili wa ukumbi, akawavuta na wenzake ili njia ibaki wazi. Hilo ndilo aliloweza bila kupoteza kazi.

Msaidizi akavua kiatu, kwa sababu kilikuwa kipya, akakiweka pembeni. Akaunyosha mguu wa kushoto, ule uliokuwa mzima, juu ya kizingiti.

Taa zikazimika. Kanda ikaanza.

"Bibi," aliita gizani. "Mlango nimeushika."

"Nakuja," sauti ikajibu kutoka mbali, upande wa vifungo. "Natafuta miwani."

Mlango ukaja. Ukarudi nyuma, ukaja tena, kwa bega. Msaidizi alikamata mwimo kwa mikono miwili na kuung'ata ukosi wa shati lake, jeupe, la kituo, maana bila hilo wasingemruhusu kuingia. Mlango ukaja tena. Mahali fulani kijana mmoja alilalamika kwamba hajaguswa bado.

Kisha zikasikika kandambili, bila haraka, zikiburuta sakafu. Mkono mdogo wa moto ukaegemea bega la msaidizi, kwa uzito wote, kama mtu anavyomwegemea mjukuu akivuka mtaro. Mguu mmoja ukavuka. Mguu wa pili ukasita, ukavuka.

"Nani huyu amekaa hapa?" Bibi alisema akiwa nje tayari, akirekebisha miwani. "Mjukuu wangu, hapo si pa kukaa. Utaumia."