Ngozi Ndani ya Sanduku la Cecilia

Cecilia aliiogopa ngozi iliyokuwa ndani ya sanduku lake mwenyewe. Wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mbuzi tu, imelainishwa kwa samli, ina kamba za kufungia kifuani na kiunoni. Mbeleko. Mwanawe Isaka alikaa ndani yake mgongoni kwake mpaka asubuhi ile alipomwacha kwa mama yake, kijijini Ihanja, akaja kusomea ualimu. Na chuo kile cha misheni, upande wa Kilimatinde, sheria yake haikuwa na kona: msichana mwenye mtoto hapokelewi, na akigundulika anafukuzwa siku hiyo hiyo. Baba wa Isaka alikwenda kuchimba dhahabu Sekenke, akanyamazia huko huko. Cecilia asipokuwa mwalimu, mtoto atakula nini, mawe?

Utaniuliza, sasa mbeleko aliibebea nini? Na mimi nakuuliza, umewahi kumwachisha mtoto ziwa ukaondoka wiki hiyo hiyo? Basi nyamaza. Bweni likiwa tupu alifungua sanduku kidogo, akanusa, akafunga.

Tena ilikuwa miaka ya watu-simba. Huko Singida, kwa Wanyaturu, watu waliuawa mashambani na njiani, ikasemwa wauaji ni binadamu waliovishwa ngozi za simba, na kwamba wapo wanaowatuma. Waingereza walikamata watu, hofu haikupungua. Habari hizo zilitangulia kufika chuoni, kwa hiyo alipoingia Cecilia, Mnyaturu peke yake kati ya Wanyiramba na Wagogo, zilikuwa zinamsubiri mlangoni.

Wasichana wakaanza kutoroka, mmoja baada ya mwingine. Bibi Mkuu, Mwingereza aliyesimamia chuo, aliona dawa ni kufuli langoni, kana kwamba waliokuwa wanapotea ni kuku. Hakuuliza wanakimbia nini. Cecilia alijua. Luciana, binti wa Kigogo aliyelala kitanda cha pili yake, aliona ncha ya manyoya siku moja sanduku lilipofunguka, akamwambia Klara. Klara, Mnyiramba, ndiye aliyekuwa kiranja wa bweni, na sauti yake ingemsimamisha fahali. Tangu siku hiyo Cecilia akipeleka mkono kwenye ugali, mikono mingine yote inarudi nyuma. Alikula akiwa ameinama, akamshukuru Mungu kwamba machozi yana chumvi kama mboga.

Jumamosi moja mchana alitoka kufua, akakuta wamelizunguka sanduku lake. Klara alishika mchi. Luciana alikuwa amekwisha funga mzigo wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Klara alisema. "Fungua."

"Ni nguo zangu tu, dada."

"Nguo gani zina manyoya? Fungua, au tunalichoma lilivyo. Luciana anataka kuondoka leo hii, apite pori lile peke yake, kwa sababu yako."

Cecilia aliona njia mbili tu. Asipofungua, wataichoma, na huenda na yeye atapigwa. Aliwahi kusikia watu waliopigwa kwa shaka ndogo kuliko hiyo. Akifungua, bweni zima litajua, na mdomo mmoja tu ukifika kwa Bibi Mkuu, kesho yuko njiani, hana ualimu wala nauli. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akamtazama Luciana, akaona midomo ya binti yule inatetemeka. Huyu ananiogopa mimi, akawaza. Mimi ninayeogopa mpaka kufuli.

Akafungua. Hakusema neno, maana neno la Mnyaturu siku zile nani angeliamini? Aliinama, akaitupa ngozi mgongoni, akafunga kamba za juu, akafunga za chini, kama alivyofunga kila asubuhi kwao. Mkono wake ukaenda nyuma wenyewe kupapasa makalio ya mtoto. Hapakuwa na mtoto. Hapo ndipo alipolia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa, wote walikuzwa ndani ya ngozi kama ile. Klara alishusha mchi. Luciana alisogea, akagusa doa la mkojo ambalo halitoki hata ufue kwa majivu.

Mara viatu vya Bibi Mkuu vikasikika barazani. Cecilia hakuwahi kufungua hata kamba moja.

"Nini hicho mgongoni?" Bibi Mkuu aliuliza.

Cecilia alimtazama Klara, aliyetaka aondoke tangu wiki ya kwanza. Neno moja tu, na Isaka amekosa chakula.

"Shikamoo, Bibi," Klara alisema. "Ngozi ya kukalia. Tunakalia tukishona. Kwao huwa wanaibeba hivyo, mikono ibaki huru."

"Na kamba?"

"Za kutundikia ukutani, Bibi," Luciana akadakia.

"Basi itundikeni. Sitaki ngozi chini, zina viroboto."

Akaondoka. Miaka yote ile nchini, na hajawahi kutazama mgongo wa mwanamke hata mmoja akaona amebebea nini.

Wakaitundika juu ya kitanda cha Cecilia, mbele ya macho ya kila anayeingia. Sidanganyi, hofu haikumwacha. Kila mwanamke wa kijijini aliyepita bwenini na maziwa, Cecilia alihofia ataitambua mbeleko na kusema. Lakini Luciana alifungua mzigo wake, na jioni ile ilipoletwa sahani ya ugali, mikono haikurudi nyuma. Hakutoroka mtu tena. Bibi Mkuu aliwaambia wageni kwamba kufuli limesaidia.

Asubuhi iliyofuata, kengele ya darasa ilipolia, Klara alisimama chini ya ile ngozi.

"Anaitwa nani?"

Cecilia hakuwa amelitamka jina lile tangu atoke Ihanja. Alitazama mlangoni kwanza.

"Isaka."

Klara aliinyoosha kamba iliyojikunja, kisha akawageukia wenzake waliokuwa wanasukumana mlangoni.

"Tokeni polepole," alisema. "Isaka amelala."