Gego la Verna

Saa ya chakula, katika kantini ya kiwanda cha mbao, Verna Kaukola aliuma mkate mkavu wa Kifini. Kuuma hakukumuuma. Alipoachia, gego la chini kushoto lilimchoma mpaka sikioni, kisha likasema kwa sauti ya Verna mwenyewe, "Rauno hakuwa amelewa."

Wenzake mezani waliendelea na supu. Mmoja akamsogezea chumvi.

Doyle, msimamizi wa zamu, alikuja taratibu akijifuta mikono. "Jino limepasuka hilo, dada. Wahenga walisemaje? Usipoziba ufa…"

"Utajenga ukuta," Verna akamalizia, kiganja shavuni.

"Basi vaa koti. Mkaguzi wa ajali anakuja kesho. Nakupeleka kwa daktari wa meno mwenyewe."

Rauno alikuwa ameuawa na msumeno mkubwa, ule ambao Doyle aliamuru uvuliwe kinga kwa kuwa eti inachelewesha kazi. Taarifa ya kiwanda ilisema marehemu alikuwa mlevi. Verna alikuwa amesimama kando yake, akaona yote, na tangu hapo akawa analala akisaga meno. Sasa kwenye msumeno ule ule, bado bila kinga, alikuwa amewekwa Eero, mwana wa Verna.

Dokta Pelletier alipiga picha ya jino, haikuonyesha kitu. Akalimulika kwa taa kutoka ubavuni. Mwanga ulifika katikati ya jino ukakatika. Akamtilia kijiti cha plastiki juu ya gego.

"Uma, mama. Haya, achia."

"Doyle ndiye aliyevua kinga," jino likasema.

"Ndilo lenyewe," dokta akasema. "Ufa haujashuka chini ya fizi, bahati yako. Tukilivika kofia litashikamana, tena litanyamaza. Tukiliacha litagawanyika, itabidi ling'olewe. La bwana Tremblay nililing'oa. Limo mkebeni pale, linanisemesha kila nikila."

"Likingoja mpaka kesho jioni?"

Kwenye chumba cha kungojea, gazeti la Doyle liliacha kuchakarika.

"Jino litavumilia," dokta akasema. "Wewe ndiye sijui."

Doyle alikuja akasimama mlangoni, kofia yake ya manyoya mkononi. "Eero anaanza zamu saa nane," akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Verna alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

"Mtoe kwenye msumeno ule."

"Nitamtoa."

"Piga simu hapa hapa nikusikie."

Doyle alipiga. Alisema maneno machache, akataja jina la kijana mwingine, akakata. Verna akajilaza kitini, akafungua mdomo.

Kesho yake mkaguzi alipita kantini. Alimuuliza Verna kama marehemu alikuwa mnywaji. Verna akafunga taya. Chini ya kofia gego lilivuma kidogo, kama nyuki ndani ya chupa.

"Sikuona kitu," akasema.

"Watu wa mji huu mna meno mazuri," mkaguzi akasema, akaaga.

Eero alikuwa uani akipanga mbao, mzima, vidole vyote kumi.

Mezani, mwenzake Marguerite aliuma tufaha. Alipoachia, alikunja uso, akashika shavu. Mwanawe ndiye aliyekuwa sasa kwenye msumeno, mahali pa Eero. Verna akamsogezea chumvi. Doyle alikwisha inuka kwenda kumchukulia Marguerite koti.