Siku Nne Alizobeba Verlyn

Mume wangu Verlyn alilima ngano na alizeti kwa miaka arobaini na tatu huku kwetu Dakota ya Kaskazini, na katika miaka yote hiyo hatukuwahi kutoka nyumbani Agosti hata mara moja. Agosti ni mavuno. Wenzetu walikuwa wakirudi na picha za milima, sisi tunawakaribisha kahawa, tunasema ni nzuri, basi. Kwa hiyo mwaka ule tulipompa mpwa wake mashamba ayalime yeye, jambo la kwanza Verlyn alilofanya ni kununua hema. Akalisimamisha uani, akaingia kujilaza saa saba mchana, akatoka anacheka peke yake.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, "tunakwenda mpaka milimani, na njia nzima tutalala chini."

"Lala chini wewe. Mimi nina goti."

"Goti nalo litalala chini. Halijawahi kunishinda ubishi kama mwenyewe."

Tukafunga safari kwa pikapu yetu ya bluu. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Verlyn alikuwa akisoma mashamba ya watu kama wengine wanavyosoma gazeti: huyu kachelewa kupanda, huyu magugu yamemshinda, huyu trekta lake la kujionyesha tu. Siku ya pili tukavuka kuingia Montana. Nyumba zikazidi kuachana, na mbuga ikatanda pande zote, kavu, imekosa mvua tangu Juni. Ilipofika jioni tukaona kijito kidogo chini ya kilima, tukaenda kubisha nyumba ya karibu kuomba ruhusa ya kulala.

Mwenye nyumba aliitwa Clete Hauge, mfugaji, mtu wa miaka sitini hivi, mrefu, mikono ameiingiza mifukoni. Alitutazama, akalitazama gari.

"Wakulima?" akauliza.

"Mtu akitoka mashambani, mashamba hayamtoki," Verlyn akajibu.

Clete akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Laleni. Pale kijitoni kuna mawe niliyoyapanga mviringo. Moto msiuwashe nje ya hapo. Na asubuhi muuue kabisa, mpaka mtu aweze kutia mkono kwenye majivu. Majani haya sasa hivi ni petroli."

Tukamwahidi. Tukachoma soseji na viazi, tukalala vizuri, hata goti langu likalala.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Asubuhi Verlyn alikuwa akikunja hema. Kazi ya moto ilikuwa yangu. Tulikuwa na dumu moja la maji, limebaki kama robo, na nilitaka kuoshea nywele tukisimama mchana, kwa sababu nilijiona nanuka moshi. Maji mengine yalikuwa kijitoni, hatua sitini kwenye mteremko wa tope. Goti likaniuma nilipoufikiria tu. Nikamimina maji kama kikombe kimoja juu ya makaa. Yakalia, mvuke ukapanda, nikasambaza majivu kwa kiatu. Hakukuwa na mwali. Mkono sikuutia.

"Umemwagia maji ya kutosha?" Verlyn akauliza kutoka upande wa pili wa gari.

"Nimemwagia."

Na mimi ni mtu aliyepika chakula cha shule kwa miaka ishirini na sita. Kama kuna kitu nakijua, ni moto.

Verlyn akaliwasha gari, akaliacha likinguruma kwenye majani marefu, sisi tunafunga mizigo nyuma. Kisha tukaondoka. Ilipofika saa sita upepo wa magharibi ukaanza, ule unaosukuma gari mpaka unashika usukani kwa mikono miwili. Niliziosha nywele zangu kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, nikazikausha kwa upepo huohuo.

Jioni tulikula katika mkahawa mmoja, maili mia mbili mbele. Mhudumu aliyetuletea supu alisikia tumetoka mashariki.

"Mmeponea chupuchupu," akasema. "Huko nyuma yenu kumewaka. Wanasema kwa Hauge. Majirani wote wametoka na matrekta na matangi ya maji, na moto umeruka barabara."

Verlyn akaweka kijiko chini. Mhudumu alipoondoka, akanitazama, uso wake umekuwa kama karatasi.

"Ekzosi," akasema.

"Nini?"

"Ekzosi ya gari, Arlys. Nililiacha linanguruma kwenye majani dakika kumi nzima. Yule bwana katuambia ni petroli, mimi nikaegesha jiko juu yake." Akajifunika uso. "Baba yangu alipoteza shamba zima la ngano kwa ekzosi. Nilikuwepo. Nikaona. Halafu nami nikafanya vilevile."

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa kinywani. Nikasema, "Huwezi kujua, mzee. Labda ni radi."

"Umeona wingu lolote leo?"

Sikuwa nimeona. Alitaka tugeuze palepale. Nikamwambia tutakuwa mzigo tu, wazima moto wa kujitolea hawahitaji wazee wawili barabarani. Akapiga simu nyumbani kwa Clete mara tatu, haikupokelewa. Asubuhi redio ikasema moto umedhibitiwa, hakuna aliyeumia. Nikashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa, na hakuna aliyekuwa amenisamehe.

Tukaendelea hadi milimani. Mlima aliousubiri maisha yake yote ulikuwa pale, theluji juu yake Agosti, ziwa la kijani chini, na Verlyn akakaa juu ya jiwe ameupa mgongo. Siku ya kwanza hakuvua samaki. Siku ya pili aliniomba radhi.

"Nimekuharibia safari, Mama."

"Hujaniharibia kitu."

"Wewe ni mwema sana kwangu," akasema, na nikaenda ziwani kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Nilikuwa nikijiambia kwamba huenda ni ekzosi kweli. Nani ajuaye? Kisha nikawa nawaza yale makaa, jinsi yalivyolia mara moja tu yakanyamaza. Makaa yanayokufa hulia kwa muda mrefu. Yeye alikuwa hali vizuri, nami nikawa nakula kidogo ili tufanane. Nilimkanda mabega. Kila jema nililomfanyia lilinifanya mbaya zaidi, kwa kuwa alilipokea.

Siku ya nne, baada ya kahawa, alikuja na daftari. Mkono wake si wa kuandika, ni wa spana. Alikuwa ameandika kurasa mbili.

"Ni barua ya Clete," akasema. "Nimemweleza kila kitu. Hebu isome uniangalizie kama maneno yamekaa sawa, wewe ulisoma kunizidi."

Nikaisoma. Nakumbuka vipande. *Mimi Verlyn Aasen ndiye niliyekuchomea mbuga yako.* Na mahali pengine: *Mke wangu aliuzima moto wa kambi vizuri, kwa hiyo yeye asilaumiwe hata kidogo.*

Nikaikunja karatasi kabla sijafika mwisho.

"Nimekosea nini?" akauliza. "Nimeandika vibaya jina lake?"

"Sikuuzima," nikasema.

"Hukuzima nini?"

"Moto. Nilimwagia kikombe kimoja. Nilitaka maji ya nywele. Uliponiuliza nikakudanganya, na mkahawani nikakudanganya, na tangu siku ile kila siku nakudanganya."

Verlyn hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alinitazama muda mrefu, kama anatafuta mtu anayemjua ndani ya kundi la wageni.

"Siku nne," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuomba radhi."

"Ndiyo."

Akaichana barua, akaanza kung'oa vigingi vya hema. Nilipojaribu kumsaidia alisema kwa upole kabisa, "Kaa garini, Arlys." Si Mama. Arlys.

Njia yote ya kurudi aliongea mara mbili, kuuliza kama nahitaji choo. Tulifika kwa Clete kesho yake asubuhi. Kuanzia kilimani kuteremka kote kulikuwa kweusi, na harufu yake iliingia garini kabla hatujashusha kioo. Waya za seng'enge zilikuwa zimelala chini, nguzo zake zimebaki mashimo yenye majivu.

Clete alikuwa uani anapakia nguzo mpya. Alipoiona pikapu yetu akaacha kazi, akasimama. Verlyn alishuka lakini akabaki kando ya mlango wake. Aliniachia mimi, na ilikuwa haki.

"Bwana Hauge," nikasema, "ule moto ni mimi. Sikuuzima ule wa kwenye mawe. Nilimwambia mume wangu nimeuzima, na haikuwa kweli."

"Najua ulianzia kwenye mawe," Clete akasema. "Mkaguzi wa moto aliniambia siku ya pili. Sikujua tu ni yupi kati yenu." Akanitazama. "Nilimchukia mzee. Nilimchukia vizuri sana. Sasa inabidi nianze upya."

"Anza na mimi," nikasema. "Ninastahili."

"Wala usiniambie unachostahili, mama. Njoo uone."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Majani ya akiba ya mifugo kwa msimu wa baridi yalikuwa yameungua, lakini hilo alilipita bila kusimama; bima ingelishughulikia, alisema. Alisimama mbele ya safu tatu ndefu za vigogo vyeusi, upande wa magharibi. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa ni nini. Ni miti ya kukinga upepo. Katika mbuga isiyoota mti, mtu hupanda safu ili nyumba isiliwe na upepo na theluji, na huulea kila mmoja kama mtoto.

"Mama yangu alipanda hii mwaka niliozaliwa," Clete akasema. "Kisima kilikuwa hakitoshi. Alikuwa akiosha vyombo, maji machafu anayatia ndooni, anakuja kuimwagia miti. Maji ya kufulia vilevile. Maji ya kutuogeshea. Miaka saba. Hakuna tone lililomwagwa bure katika nyumba hii."

Nilikaa chini palepale kwenye majivu. Nilitaka kusema nitalipa, nikaona neno lenyewe ni tusi. Kwa hiyo nikalia, na wanaume wawili wakasimama wanatazama pembeni kama wanavyofanya wanaume wa kwetu.

Mwishowe Verlyn akasema, "Seng'enge naijua kuivuta. Na yeye anajua kupika, na kushika nguzo."

Clete akafikiri. "Saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Na msiwashe hata kiberiti."

Tulikaa siku tisa. Hema tulilisimamisha karibu na ghala, tukala vitu baridi au chakula nilichopika jikoni kwake. Nilishika nguzo, Verlyn akapiga nyundo, Clete akavuta waya. Verlyn na Clete walizoeana upesi, wakawa wanataniana.

"Wadakota mnapiga nyundo kama mnambembeleza mtoto," Clete alikuwa akisema.

"Na ninyi wa Montana mnachimba shimo kama mnatafuta njia ya kutoroka."

Nilicheka siku moja, wakanyamaza wote wawili. Hawakunyamaza kwa ukali. Walikuwa wamesahau tu kwamba nipo. Tangu hapo nikawa nacheka moyoni.

Siku ya saba tulikuwa peke yetu mimi na Verlyn, tunakula mkate tumekaa nyuma ya gari. Akasema bila kunitazama, "Si moto, Arlys. Moto mtu yeyote anaweza kuuacha. Mimi mwenyewe gari niliegesha kijinga."

"Najua."

"Uliniona vile nilivyokuwa. Ukaniona kila asubuhi. Ukanimiminia kahawa."

"Niliogopa hutaniona tena kama ulivyokuwa ukiniona."

Akakung'uta makombo ya mkate mapajani. "Basi, umepata ulichokuwa ukiogopa," akasema. Halafu akanikatia nusu ya tufaha lake, akanipa. Sikujua niliweke upande gani, wa hukumu au wa huruma. Nikalila.

Siku tuliyoondoka Clete hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba. Aliniuliza kama nitaweza kurudi Mei, udongo ukishalainika, kwa sababu wakala wa mbegu atamletea miche ya miti na yeye mwenyewe mgongo haumruhusu kuinama. Nikasema nitaweza. Tumekwenda Mei mbili sasa. Mingine inakufa, mingine inashika. Goti linaniuma kila nikipiga magoti, na sijamwambia mtu.

Nyumbani mambo yamerudi kwa sehemu. Verlyn huniita Mama tena. Jina hilo lilirudi lenyewe katikati ya msimu wa baridi, siku alipokuwa akitafuta miwani yake. Tunataniana. Wajukuu wakija hawawezi kujua kitu. Ila jambo moja limebaki. Jioni, kabla ya chakula, mimi ndiye ninayekwenda kufunga banda la kuku. Narudi, navua viatu, anauliza kama nimelifunga, nasema nimelifunga. Verlyn anaitikia kwa kichwa. Kisha anainuka polepole, anavaa koti, anatoka kwenda kuangalia. Mimi natandika meza, nasubiri arudi.